Harufu ya Mafuta Katika Nguo za Kazi

Katika nyumba nyingi za inchi yetu kuna mutu anayerudi jioni na harufu ya mafuta. Pengine ni shoferi wa kamio. Pengine ni mekanisie wa garaji, ao kijana mwenye kuendesha pikipiki, ao mulinzi wa mashini ya umeme. Pengine ni muuzaji wa esansi kando ya barabara, wale ambao watu wanawaita makadhafi. Kazi zao ni kazi za heshima. Watoto wanasoma kwa kazi hizo, na wagonjwa wanafika hospitalini kwa sababu ya kazi hizo.

Lakini nguo zao zinasumbua nyumba. Muke anazifua mara mbili, mara tatu. Kwa macho zinaonekana safi, lakini harufu ingali pale pale. Siku ya Mungu mutu huyu anachagua kiti cha nyuma, karibu na mulango, kwa kuogopa kwamba jirani atageuza uso wake. Wengine wanafikiri ni jambo la haya tu, basi wanalivumilia. Ndugu na dada, si jambo la haya tu. Ni jambo la afya, na siku nyingine ni jambo la uzima na kifo. Someni mafundisho haya polepole, kisha muwasomee wale wa nyumbani, hasa yule anayefua.

HARUFU NI NINI?

Neno la kwanza la kushika ni hili: harufu ni mafuta yenyewe. Wakati pua yako inasikia harufu ya mazutu, vipande vidogo sana vya mazutu, visivyoonekana kwa macho, vimetoka katika nguo, vimepita katika hewa na kuingia puani mwako. Basi kama harufu ingali, mafuta yangali. Mutu asiseme, «Nguo ni safi, imebaki harufu tu.» Hakuna harufu tu. Nguo yenye harufu ya mafuta ni nguo yenye mafuta.

Mafuta ya mashini si ya namna moja. Sisi tunajua hasa namna tatu.

Esansi ni nyepesi sana. Inageuka muvuke hata katika baridi ya asubuhi. Acha kifuniko cha bidoni wazi, harufu itajaza nyumba bila kungoja moto ao jua. Kwa sababu hiyo esansi inaondoka upesi katika nguo kama upepo unaipata.

Petroli ya taa ni nzito kidogo. Inaondoka polepole.

Mazutu ni nzito kupita hizo mbili. Munajua kwamba maji yanachemka kwa moto wa digrii 100. Mazutu haianzi kuchemka hata moto ufike karibu digrii 180, na sehemu yake iliyo nzito inangoja hata zaidi ya digrii 300. Basi upepo na jua peke yao haviwezi kuimaliza. Ndiyo maana shoferi wa kamio ana shida kuliko mwenye pikipiki. Na kama mazutu imechanganyika na mafuta meusi ya moteri, shida inazidi, kwani yale mafuta mazito yanaishika ndani ya nyuzi za nguo.

Nguo nazo si sawa. Nguo ya pamba inakubali maji na sabuni kuingia ndani. Nguo ya nailo ao ya polyester inapenda mafuta kuliko maji. Inayashika, haitaki kuyaachilia. Ukiweza kuchagua salopeti ya kazi, chagua ya pamba.

KWA NINI MAJI PEKE YAKE HAYAFAI?

Mimina maji katika bakuli, kisha tia mafuta kidogo. Mafuta yanapanda juu. Koroga, yatachanganyika kidogo, kisha yatapanda tena. Maji na mafuta hayapatani. Mutu anayesugua salopeti ya mazutu kwa maji matupu anajichokesha bure.

Sabuni ndiyo mupatanishi. Ni kama mutu mwenye mikono miwili: mukono mumoja unashika mafuta, mukono wa pili unashika maji. Kisha maji yanapomwagwa, yanavuta sabuni, na sabuni inavuta mafuta. Lakini musisahau, kila kipande cha sabuni kina mikono miwili tu, si kumi. Mafuta yakiwa mengi na sabuni kidogo, mafuta mengine yanabaki pasipo mutu wa kuyashika. Tena mafuta yaliyotoka yanakaa katika maji ya basini. Ukiendelea kufua katika maji yale yale machafu, mafuta yanarudi katika nguo. Kwa hiyo kazi hii inataka sabuni ya kutosha na kubadilisha maji.

Wamama wengine wanauliza, «Je, majivu hayatafaa? Wazee wetu walifanya sabuni kwa majivu.» Ni kweli. Maji ya majivu yanageuza mawese kuwa sabuni, kwani mawese ni mafuta ya muti. Lakini esansi na mazutu zinatoka chini ya udongo. Ni mafuta ya namna nyingine, na majivu hayawezi kuyageuza kuwa sabuni. Sabuni iliyokwisha kufanyika kwa mawese inafaa sana. Majivu matupu hayafai. Tena majivu ya jikoni yanaweza kuficha kaa la moto ndani yake. Musiyapeleke karibu na nguo yenye esansi hata kidogo.

HATARI YA KWANZA NI MOTO

Muvuke wa esansi ni muzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Unashuka, unatembea chini chini juu ya udongo, unapita chini ya mulango, unajaa katika shimo na pembe ya nyumba. Hauonekani. Ukikuta mbabula yenye makala, ao mushumaa, ao sigareti, unawaka, na moto unarudi kwa njia ile ile hata mahali esansi ilipo. Moto unaweza kuwa upande mwingine wa chumba, na mutu akasema, «Mimi ni mbali nao,» kumbe muvuke umekwisha kufika.

Watu wa Kivu wanakumbuka habari ya Sange, kati ya Uvira na Bukavu. Tarehe 2 ya mwezi wa 7, mwaka wa 2010, kamio la kubeba mafuta lilianguka pale jioni. Mafuta yakamwagika kati ya nyumba. Watu wakakaribia, wengine kwa kuchota, wengine kwa kutazama tu. Kisha moto ukawaka, na zaidi ya watu 200 wakafa. Mafuta ya kamio zima ni mengi, na mafuta ya salopeti moja ni kidogo. Lakini tabia yake ni moja, na kidogo kinatosha kuunguza mutu mumoja.

Wengine wanasema, «Mazutu haiwaki upesi kama esansi.» Ni kweli, mazutu iliyo katika bidoni haiwaki upesi. Lakini tazameni taa ya petroli. Petroli iliyo ndani ya chupa imetulia; ile iliyopanda katika utambi inashika moto mara moja. Nguo yenye petroli ao mazutu ni utambi mukubwa, na mutu amevaa utambi huo mwilini mwake. Baba anarudi na salopeti ya mazutu, anakaa karibu na jiko akingoja chakula, mutoto anapanda juu ya magoti yake. Fikirini jambo hilo vizuri.

HATARI YA PILI NI MWILI

Esansi na mazutu zinaondoa mafuta ya asili ya ngozi yetu. Ngozi inakauka, inapasuka, inawasha, inakuwa nyekundu. Esansi ikikaa saa nyingi kati ya nguo na ngozi inaweza kuleta malengelenge kama ya moto. Watu wanakuja hospitalini na vidonda juu ya mapaja ao kiunoni, wanaomba dawa ya kupakaa. Tunapowauliza, tunaona kwamba wanavaa kila siku suruali ile ile iliyolowana esansi. Dawa itafanya nini kama suruali inarudi juu ya kidonda kesho asubuhi?

Muvuke wa esansi unaumiza kichwa, unaleta kizunguzungu na kichefuchefu. Tena ndani ya esansi kuna kitu kinachoitwa benzeni. Mutu akivuta benzeni nyingi kwa miaka mingi inaweza kuharibu damu yake, hata kuleta kansa ya damu. Zamani esansi ilitiwa risasi pia, na risasi inaharibu akili ya watoto. Katika inchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara waliacha kuuza esansi ya risasi kwa magari mwanzoni mwa mwaka wa 2006, na katika mwaka wa 2021 ikaisha katika dunia yote. Tunafurahi kwa jambo hilo. Lakini benzeni haijaondoka. Kwa hiyo musitundike nguo za kazi katika chumba cha kulala, na musiwape watoto wachanga kulala juu yake.

Angalieni pia jambo hili: pua inazoea. Mutu akikaa na harufu siku nzima, pua yake inaacha kuisikia. Mwenye nguo anasema, «Haina harufu tena,» na hasemi uongo. Pua yake imechoka. Jirani anayeingia kutoka inje anaisikia mara moja. Basi musijaribu nguo kwa pua ya yule anayeivaa. Mumupe mutu mwingine ainuse.

MAMBO MATANO YASIYOFAA

1. Musifue nguo kwa esansi ao petroli ili kuondoa mafuta meusi. Ni desturi ya garaji nyingi, na ni desturi ya hatari. Unaondoa doa moja na kujaza nguo yote kwa mafuta mengine. Musifanye hivyo kwa mikono yenu pia.

2. Musifunike harufu kwa manukato. Mafuta yangali pale chini yake. Tena manukato mengi yana alkoli, na alkoli inawaka. Fedha ya chupa moja ya manukato inanunua sabuni ya siku nyingi.

3. Musitegemee javeli. Javeli inaondoa rangi na kuua vijidudu, lakini haitoi mafuta. Inapunguza nguvu za nguo tu. Na musichanganye javeli na siki, ao na ndimu, ao na dawa ya kusafisha choo, ao na amonia, kwani inatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.

4. Musichemushe nguo yenye mafuta ndani ya sufuria juu ya moto. Munajua sasa sababu yake. Na wale wenye mashini ya kufulia ao ya kukaushia nguo kwa umeme, wasitie ndani yake nguo iliyolowana esansi.

5. Musipige pasi nguo ingali na harufu. Joto la pasi linashikisha doa, na pasi ya makala ina moto ndani yake. Cheche moja inatosha.

NAMNA YA KUFUA

Sasa tushike njia yenyewe. Ni kazi ya siku mbili ao tatu, lakini si kazi ngumu.

Kwanza, upepo. Nguo ivuliwe inje, isiingie nyumbani. Tazama mifuko yote na kuigeuza. Mara nyingi kitambaa cha kupangusia mikono kimesahauliwa mule, na hicho ndicho kinaleta harufu yote. Geuza nguo ndani inje, uitundike mahali pa upepo, mbali na jiko, mbali na taa, mbali na wavuta sigareti. Nguo ya esansi ibaki pale siku nzima, hata ikauke kabisa na harufu kali iishe. Musiipeleke katika maji ya moto mbele ya hapo.

Pili, kukamua mafuta. Kama kuna mahali palipolowana mazutu ao mafuta meusi, weka kitambaa kikuukuu kikavu chini yake na kingine juu yake, kisha gandamiza kwa mukono. Usisugue, kwani kusugua kunaeneza doa. Badilisha vitambaa hata visipate mafuta tena.

Tatu, sabuni mbele ya maji. Wengi wanakosa hapa. Wanalowesha nguo kwanza, kisha wanatia sabuni. Lakini nguo iliyokwisha kujaa maji inafunga mulango. Sabuni haifikii mafuta upesi. Chukua kipande cha sabuni, kiloweshe kidogo tu, ukipakae juu ya doa kavu kwa wingi, ndani na inje. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inafaa sana, kwani imefanywa kwa kushindana na mafuta. Ao fanya ujiuji muzito wa sabuni ya unga na maji kidogo. Sugua polepole kwa brosi, hasa katika mishono, katika mikono, na mahali pa magoti. Acha nusu saa.

Nne, maji ya moto. Maji yachemshwe jikoni, kisha yachukuliwe inje mahali pa kufulia. Nguo isiende kwa moto. Maji yawe ya moto kadiri nguo na mikono inavyoweza kuvumilia. Maji ya mvua ni mazuri sana, kwani sabuni inatoa povu upesi ndani yake. Tia sabuni ya unga kwa kipimo kilichoandikwa juu ya mufuko wake, uloweke nguo saa moja, kisha ufue kwa nguvu. Mwaga maji yale. Tia maji mengine na sabuni tena, ufue mara ya pili. Kisha suuza katika maji safi hata povu na utelezi viishe.

Nguo za kazi zifuliwe peke yake, katika basini yake. Musizichanganye na nguo za mutoto wala mashuka.

Tano, kunusa. Mupe mutu mwingine ainuse nguo ingali na maji, kisha ainuse tena ikikauka. Kama harufu imebaki, rudi kwa sabuni mbele ya maji. Nguo ya mazutu inaomba mara mbili ao tatu, musikate tamaa. Kama mukiweza kupata unga wa bikarbonate, ule wa kuumulia mikate, tieni kikombe nusu katika ndoo ya litre 10 za maji, nguo ilale mule usiku moja, kisha muisuuze. Unga huu hauondoi mafuta mengi, lakini unasaidia kumaliza harufu ndogo iliyobaki nyuma ya sabuni.

Sita, jua na upepo. Anika nguo inje muchana kutwa, ukiigeuza. Si ndani ya nyumba, na si juu ya jiko katika siku za mvua. Ni heri ikawie siku mbili kuliko kuikausha kwa moto.

Maji yaliyotoka katika nguo yasimwagwe mutoni, wala karibu na kisima ao chemchemi. Mafuta kidogo yanatosha kuharibu ladha ya maji mengi, na wengine wanakunywa maji hayo. Chimbeni shimo mbali na maji ya kunywa na mbali na jiko, mumwage pale.

Viatu vya mupira visuguliwe kwa sabuni ndani na inje. Viatu vya ngozi vilivyolowana esansi ni vigumu kusafisha. Viacheni katika upepo siku nyingi, na kama vinaendelea kuunguza miguu, musivivae tena.

Na kama nguo imefuliwa mara nne, na harufu ingali? Mujue imechoka. Iwe ya kazi tu, ikae inje ya nyumba. Lakini musiikate kufanya muto, wala kitambaa cha kumufungia mutoto.

MAFUTA YAKIMWAGIKA JUU YA MUTU

Aondoke mara moja karibu na moto wote, na watu wenye sigareti waende mbali. Kama esansi imelowesha nguo yake, mumumwagie maji mengi mbele ya kumuvua, kwa sababu nguo kavu ikivuliwa inaweza kutoa cheche ndogo. Kisha avue vyote, hata viatu na mukaba, aoge kwa sabuni na maji mengi. Kama yameingia machoni, aoshe macho kwa maji safi dakika 15 ao zaidi, kisha aje hospitalini.

Kama nguo imeshika moto, asikimbie. Kukimbia kunalisha moto kwa hewa. Aanguke chini, afunike uso kwa mikono, ajizungushe juu ya udongo; wengine wamufunike kwa blanketi nzito. Moto ukizimika, mumwagie mahali palipoungua maji safi ya baridi dakika 20. Musipakae mawese, wala dawa ya meno, wala majivu, wala udongo. Mufunike kidonda kwa kitambaa safi, mumulete hospitalini.

Neno moja tena kwa ajili ya watoto. Kuna nyumba zinazoweka esansi ao petroli katika chupa ya limonade kwa kuondolea madoa. Mutoto anaiona, anakunywa. Akinywa, musimutapishe, wala musimupe maziwa ao mawese ili atapike. Mafuta yakipanda yanaingia katika mapafu, na yanaleta ugonjwa wa mapafu ulio mukali kuliko ule wa tumbo. Mumulete hospitalini mara moja, pamoja na ile chupa. Na mbele ya siku hiyo, ondoeni chupa hiyo nyumbani.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUFUA

Uwe na nguo moja ya kazi, na nyingine ya kurudi nyumbani. Vaa hii ya pili mbele ya kuondoka garajini, na ile ya kazi uitie katika mufuko wake. Ukifika nyumbani, oga kwanza, kisha umupokee mutoto.

Usinyonye esansi kwa mupira na kinywa chako. Makadhafi wengi wanafanya hivyo kila siku. Kidogo kinaingia kinywani, kidogo kinamwagika juu ya shati, na siku moja kinaingia mapafuni. Kununua pompe ndogo ya mukono ni heri kuliko kulala kitandani hospitalini. Wakati wa kumimina, tumia kifaa chenye kinywa kipana, na uvae aproni ya plastiki nzito juu ya nguo.

Usipanguse mikono katika suruali. Uwe na kitambaa, na jioni usikirudishe mufukoni.

Na ninyi munaokaa karibu na watu hawa, nyumbani ao kanisani, musiwageuzie uso. Wanachukua mizigo yetu na kutusafirisha sisi. Yule aliye kwenye kiti cha nyuma, mukaribishe mbele. Kisha kwa upole umufundishe muke wake ao mama yake njia hii, ao wewe mwenyewe ushike brosi pamoja naye. Wanaume nao wajue kufua salopeti zao. Mafuta hayaulizi kama mikono inayosugua ni ya mwanaume ao ya mwanamuke.

MAULIZO YA KUJIFUNZA

1. Kama nguo ingali na harufu ya mazutu, ni nini kingali ndani yake?
2. Kwa nini esansi inaondoka kwa upepo, na mazutu inabaki?
3. Muvuke wa esansi unapanda juu ao unashuka chini? Mbabula yenu inakaa wapi?
4. Kwa nini tunapakaa sabuni mbele ya kutia maji?
5. Ni nani atakayenusa nguo, na kwa nini si yule anayeivaa?
6. Mutoto amekunywa petroli. Mutafanya nini, na ni jambo gani hamutafanya?

Kama hamuwezi kujibu ulizo la tatu na la sita, rudini kusoma leo, kabla ya kupika chakula cha jioni.